Ng'ombe Wetu Aliyekuwa kwa Serikali

Nikisikia redioni kwamba riba imepanda, mpaka leo naizima. Wajukuu hunicheka. Wanasema bibi hana hata senti benki, riba inamhusu nini? Nawaacha wacheke. Ilinihusu mara moja tu, na hiyo mara moja ilinitosha.

Nilizaliwa Mbozi, kwenye kahawa. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya Mwingereza ilipita kila mahali ikitafuta fedha. Wengi walitoa kuku na unga, wakamaliza. Baba yangu alikuwa mtu wa kupenda kuonekana anajua mambo, na kahawa ilikuwa imemlipa vizuri msimu ule, kwa hiyo alinunua hati ya mkopo wa serikali. Ilikuwa karatasi nene yenye vipande vidogo pembeni. Kila baada ya miezi sita unakata kipande kimoja, unakipeleka bomani, kwenye ofisi ya serikali, unalipwa riba. Vipande vikiisha, baada ya miaka mingi, serikali inakurudishia fedha yako yote.

Mama hakujua kusoma. Baba alimweleza kwa njia ambayo angeielewa, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia. Alimwambia, "Nimeifugisha serikali ng'ombe."

Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Mmoja unampa ndugu akufugie. Yeye anakunywa maziwa, ndama mnagawana, na ng'ombe anabaki wako hata akae huko miaka kumi. Ila kuna jambo moja usilothubutu: humtoi ng'ombe kwa mfugaji akiwa na mimba. Ukifanya hivyo umemtukana aliyemlisha, na watu watakusema mpaka uione njia ya kisimani ndefu. Unangoja azae, mnagawana, ndipo unamswaga nyumbani. Mama alilishika jambo hilo sawasawa na alivyozishika Amri Kumi.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tanga lilipoanuliwa, mdogo wake akasema atamrithi mama.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo ingawa ulimi unakataa. Alikuwa mcheshi, msibani alilia kwa machozi ya kweli, na mimi alinipenda. Lakini alikuwa na wake wawili tayari, na kila alipokuja kutusalimu macho yake yalitangulia kwenye mibuni yetu kabla hayajafika kwa mama. Mama akamkatalia mbele ya ukoo mzima. Alisema, "Shemeji, nakuheshimu. Kulala nyumbani kwako siwezi."

Kesi ikaenda baraza la mtemi. Wazee wakaamua: mwanamke akikataa kurithiwa, mahari irudi. Walipunguza kidogo kwa sababu mimi nilizaliwa, wakabakiza ng'ombe watano. Akiwaleta katika miezi mitatu, atabaki na nyumba yake na kahawa yake, na hakuna mtu atakayemgusa. Asipowaleta, atafunga mizigo aende kwa shemeji yake.

Mama alitoka barazani kichwa juu. Mimi nilikuwa nahesabu siku, yeye anatafuta nauli ya kwenda boma. Alikuwa na ng'ombe wake kwa serikali, hofu ya nini?

Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule ya kati ya misheni, na barua ilikuwa imekuja kwamba nimepata nafasi ya chuo cha ualimu kuanzia Januari. Wasichana waliopata nafasi hiyo upande wetu hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Barua nilikuwa naisoma nikipika, naisoma nikipalilia kahawa, mpaka ikapata doa la mafuta katikati. Ilitaja vitu vya kwenda navyo, na cha kwanza kilikuwa sanduku la bati lenye kufuli.

Karani wa boma alikuwa amesali kanisa moja na baba. Aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza, akapiga hesabu ya wale ng'ombe watano tuliomweleza.

"Mama, wakati ni huu," alisema. "Nikiandika barua leo, benki ya Mbeya itaitafutia mnunuzi. Utapata ng'ombe watano na fedha ya chumvi juu."

"Kipande kinachofuata kinakatwa lini?" mama akauliza.

"Bado wiki nane."

"Basi nitangoja wiki nane."

Karani akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Akaweka kalamu chini. "Mama, nisikilize. Huko London kuna benki kubwa inayoziamuru benki nyingine zote. Imepandisha riba. Serikali ikikopa sasa inatoa karatasi mpya zinazolipa zaidi ya hii yako. Nasikia huenda wakapandisha tena. Ikipanda, hii yako itashuka bei."

"Itashukaje? Imeandikwa bei yake hapo juu."

"Hiyo serikali itakulipa siku ya mwisho, miaka mingi ijayo. Ukitaka kuuza kabla, unauza kwa watu, na watu wanaangalia inazaa nini."

"Lakini ng'ombe wangu hajakonda," mama akasema.

"Hajakonda, mama. Wa wenzako ndio wamenenepa."

Mama alicheka kwa adabu, wanavyocheka watu wazima wakiona kijana amepotea njia. Kisha akamweleza polepole, maana karani alikuwa mtu wa kutoka mbali: ng'ombe huyu ana mimba. Zimebaki wiki nane azae. Serikali imemlisha tangu wakati wa vita na haijawahi kumnyima ndama hata mara moja. Leo amtoe zizini na mimba yake? Marehemu atamtazama kwa jicho gani?

"Hata hiyo riba iliyokwisha kuhesabiwa mnunuzi atakulipa ndani ya bei," karani alisema. Alikuwa karibu kumsihi. "Ndama hapotei."

Hilo ndilo neno ambalo lingetuokoa, na ni mimi niliyepaswa kulishika. Nilikuwa nimesoma hesabu za riba shuleni. Nilijua karani anasema kweli. Lakini mama alikuwa ameniambia njiani kwamba ndama yule ni wangu, ndiye atakayeninunulia sanduku, na mimi nililitaka lile sanduku. Nikanyamaza. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mama akiimba nyimbo za kanisani.

Wiki nane zile sitaki kuzirudia hata kwa kusimulia. Baba mdogo alipita kila Jumapili baada ya ibada, akapima kwa macho mahali atakapojenga kibanda cha kukaushia kahawa. Alikuwa anamtania mama: "Ng'ombe wako wa karatasi anakula nini huko?" Mama alimkaribisha uji. Mimi nilitamani kumwagia.

Siku ya kipande ilipofika mama aliamka akavaa kitenge chake cha ubatizo. Karani alimlipa riba. Tukapita dukani, akaninunulia sanduku la bati la buluu, kufuli na funguo mbili. Akaning'iniza ufunguo mmoja shingoni mwake na mmoja shingoni mwangu. Nilifurahi. Nikikumbuka furaha ile nataka kujichapa.

Kisha tukarudi bomani kwa karani, mama akaweka karatasi mezani. "Amezaa," alisema. "Sasa mtoe."

Karani hakuigusa. "Wamepandisha tena," alisema. "Wiki iliyopita."

Barua ya benki ilichukua siku nane kwenda na kurudi. Nilimsomea mama pale bomani, nimesimama. Mnunuzi alikuwa amepatikana, na bei ilitosha ng'ombe wanne na kwato za wa tano. Wakati ule wa kwanza ingetosha watano. Mama aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza ni nani huko London aliyekasirika naye. Karani akasema hakuna aliyekasirika, mama, wala hawakujui. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tuliuza. Tungefanya nini? Zilibaki siku kumi na mbili.

Kwa fedha ile tukapata ng'ombe wanne, tukabaki tunatafuta mmoja. Mmoja tu! Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Mjomba wangu upande wa pili wa mpaka alikuwa na zizi limejaa, lakini mwaka ule mifugo ilikatazwa kuvuka pale Tunduma kwa sababu ya ugonjwa, na askari walikuwa wakali. Wajomba wengine walikuwa na mbuzi, baba mdogo akasema hataki mbuzi, baraza lilisema ng'ombe. Majirani waliokuwa na ng'ombe walituonea huruma, huruma nyingi sana, na kila mmoja alikumbuka kwamba baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Siku zikabaki saba. Zikabaki tano.

Asubuhi hiyo nilimkuta mama anakunja blanketi.

"Unafanya nini?"

"Nitakwenda kwa shemeji," alisema bila kugeuka. "Wake zake si wakorofi. Wewe nenda chuo. Sanduku unalo."

Niliwaka. Sijawahi kumfokea mama kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia hakumkatalia mtu mbele ya ukoo mzima ili akamfulie nguo miezi mitatu baadaye. Nikamwambia amejiponza mwenyewe kwa mimba ya karatasi. Nilipoliona neno hilo limempata usoni, nikatoka nje.

Halafu nikaenda kwa shangazi.

Kuna kijana wa Msangano, kule chini bondeni, aliyeniposa mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu mpole, mfugaji, Mnamwanga mwenye kucheka kidogo, na mama alikuwa amemjibu kwamba binti bado anasoma. Shangazi ndiye aliyepeleka jibu lile. Nilimwomba apeleke jingine.

Shangazi akaweka ungo chini. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Na chuo?"

"Shangazi, peleka neno. Waambie ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu afike kabla ya siku ya baraza."

"Ukishasema hivyo, huwezi kurudi nyuma, mwanangu."

"Najua," nikasema. Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa na hasira, nilidhani hasira ni ujasiri.

Siku ya baraza tulifika na ng'ombe wanne. Mama alikuwa amefunga mzigo wake wa blanketi mgongoni, tayari. Wazee wakahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Baba mdogo, nitakiri, hakuonyesha furaha. Mzee mmoja akafungua mdomo kutoa uamuzi, ndipo tukasikia filimbi ya mchungaji kwenye njia ya bondeni. Wanaume wawili walikuwa wanapandisha ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe ndefu, aina ya kule chini kwenye joto, mavumbi mpaka tumboni. Walikuwa wametembea siku mbili.

"Huyu ni wa nani?" baba mdogo akauliza.

Mama akatazama ng'ombe, akawatazama wale wanaume, akamtazama shangazi. Shangazi akainamisha kichwa. Mama akanigeukia, na nikaona anapiga hesabu ambayo hakuhitaji karani wa kumsaidia.

"Wangu," nikasema. "Ni wangu, na namtoa kwa ajili ya mama."

Wazee wakahesabu tena. Watano. Mama akawa huru pale pale, mbele ya watu wote, na akalia kilio ambacho hakulia hata msibani.

Nilikwenda Msangano Januari, mwezi ule ule ambao ningekwenda chuo. Mume wangu alikuwa mtu mwema na tuliishi vizuri; watu wakinisikia nasimulia haya hudhani namlalamikia, na wanakosea. Nilizoea joto, nikazoea mbu, nikajifunza Kinamwanga mpaka wakasahau nimetoka juu. Ile barua ya chuo niliihifadhi ndani ya sanduku mpaka mchwa wakaila.

Siku ya kuondoka mama alikataza mtu yeyote asinibebee sanduku. Alilibeba mwenyewe kichwani, lile la buluu, toka nyumbani mpaka pale njia inapoanza kushuka kuelekea bondeni. Shangazi na wapambe walikuwa wametangulia. Ndani mlikuwa na vitenge, sufuria mbili na sabuni. Daftari hata moja halikuwemo.

Alilitua chini. Akavua ule ufunguo wake shingoni, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

"Ningemtoa na mimba yake," alisema. "Mwanangu, ningemtoa tu na mimba yake."

Nikamwambia jua linakuwa kali, arudi. Nikajitwisha sanduku langu nikashuka.