Nyumba ya Viti Vingi

Huko Molo, mtu akiugua mlango wake haufungwi. Hawa wanatoka, wale wanaingia, mwenye maziwa aje nayo, mwenye maombi aje nayo, na mke wa mgonjwa hupika chai mpaka asahau kama yeye mwenyewe amekula. Jepleting alilelewa hivyo. Tangu aolewe na Bethwel hakuwahi kuona mgonjwa akiachwa aangaliane na ukuta.

Bethwel alipopatikana na saratani ya koo, daktari alisema matibabu ya mionzi yangechukua mwezi mzima huko India, na asiruke siku, maana ugonjwa ukipewa nafasi hurudi na hasira. Basi wakashuka Nakuru kwa Sally, binti wa kaka yake Jepleting, awatafutie mtandaoni nyumba ya mwezi mmoja huko India yenye vyombo tayari.

Sally alifungua simu. "Anti, hii ni ndogo, lakini ukitoka kwa mlango unaona geti ya hospitali. Niliwaambia wanitumie video, si picha tu. Maji iko, lifti iko."

"Viti ni ngapi?"

"Kimoja. Na kitanda."

"Na watu wakikuja kumwona anko wako, wakae kwa sinki?"

Bethwel akacheka kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki mkwaruzo. "Nani atatoka Molo na gunia ya viazi akuje India?"

"Mungu ana watu kila mahali," Jepleting alimjibu. "Tutapata kanisa. Tutapata majirani."

Sally alijaribu tena. Mtu wa mionzi huchoka sana, akasema, kwa hivyo cha kwanza ni umbali. Halafu uulize kama unaweza kuhama kabla mwezi haujaisha, kwa sababu nyumba nyingine ukishalipa umefungwa. Jepleting alimsikiliza kwa upole, kisha akaweka kidole kwenye picha ya sebule pana yenye makochi na meza ya watu sita.

"Hii. Hapa mtu anaweza kuombewa."

"Iko mbali, anti."

"Si kuna magari?"

Walipofika India, magari yalikuwepo, na msongamano wake pia. Wiki ya kwanza Bethwel alivumilia. Ya pili akawa anatapika kwenye mfuko kabla hawajafika nusu ya njia, na Jepleting akimshika shingo isirushwe na matuta. Wakirudi, alilala na viatu.

Jioni Jepleting aliteleka sufuria kubwa ya chai, mkono ukifuata mazoea, kisha akaimwaga. Alibisha kwa jirani kumsalimu. Msichana mmoja akatabasamu, akaunganisha viganja, akafunga mlango polepole. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawajui tu kwamba walikuwa wakingojewa. Mchungaji waliyempata kule alikuja mara moja, akaketi kwenye ncha ya kochi, akaomba vizuri, akaenda zake.

Bethwel alipoanza kuruka siku za matibabu, Jepleting aliingia jikoni akampigia Sally.

"Ile ndogo, ya karibu na geti. Bado iko?"

Sally akaitafuta tena mtandaoni. "Ilichukuliwa, anti. Na hawa wenye nyumba yenu hawarudishi pesa."

"Sijaulizia pesa, mama."

Bethwel alikuwa amesikia yote. Alimwita, akapigapiga godoro ili aketi. "Wacha kujichapa. Ulinitafutia watu."

"Nilipaswa kukutafutia daktari."

"Wewe ni mke wa Molo," akasema. "Ungetafuta nini kingine?"

Asubuhi moja dereva alipiga honi, akapiga tena. Jepleting alikuwa ameshamvika Bethwel sweta, lakini miguu yake haikukubali sakafu. Daktari alikuwa amemwambia Jepleting juzi yake kwamba siku zilizorukwa zimeupa ugonjwa nguvu, na kwamba sasa kilichobaki ni kumleta atulizwe maumivu tu.

"Leo tusiende," Bethwel akasema.

Jepleting alichungulia dirishani, akampungia dereva mkono aende. Akapanda kitandani, akamlaza mumewe kifuani, akaanza kumwimbia wimbo wa kanisani kwao, kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini. Ubeti wa kwanza Bethwel aliufuata kwa midomo. Wa pili aliufuata kwa kidole kimoja, akipiga polepole mgongoni mwa mkono wa mkewe. Kidole kiliposimama, na kifua nacho kikasimama, Jepleting alijua. Hakupiga nduru, kwani nani angeitika? Alimfunga vifungo vya sweta mpaka juu, kisha akaendelea na ubeti wa tatu, akauimba mpaka mwisho.