Fungu la Farasi Bingwa

Juzi, kwenye televisheni ya jirani, niliona farasi wakishindana mbio, na harufu ya zizi la farasi kule Masisi, nilikokulia, ikanirudia. Papa, baba yangu, alikuwa akitunza farasi mzee wa mzungu mwenye shamba, bingwa aliyewashinda wenzake wote huko Ulaya. Kwa wajomba zangu wa Walikale, ambao ni wawindaji, mbwa aliyetangulia kukamata mnyama hupewa fungu lake la nyama. Basi alasiri moja nilimpelekea farasi kipande changu cha nyama ya moshi. Alinusa, akageuza kichwa polepole. Nilidhani amechoka kungoja fungu lake.

"Farasi haikulaka nyama, mutoto yangu," Papa alisema, ameegemea ukuta. "Lakini ilishinda sana, na hakuna mwenye aliiletea fungu yake."

Papa alitumika pale mpaka mgongo ukapinda. Fungu lake sijaliona mpaka leo.