Mstari Nilioruka

Leo mama amenikamata nikimdanganya, tena kwenye kusoma.

Wenzangu, nabandika karatasi hii mlangoni pa shule kwa sababu moyo umejaa.

Mwaka mzima huu nimesoma kwa sauti kila jioni. Vijitabu vya dini, gazeti kuukuu la misheni, hata maandishi ya makasha niliyookota dukani karibu na boma la Wajerumani. Ukungu unashuka kutoka Meru, mama amekaa ubavuni kwangu akitikisa maziwa kibuyuni, taratibu, nami nasoma kama niko ndotoni.

Nilidhani anapenda sauti tu.

Mchana wa leo imefika barua ya kaka yangu Loserian, anayejenga reli ya Mjerumani huko Moshi. Nikasoma salamu. Kisha macho yakagota hapa: "Chuma kiliniangukia, nimekatwa mguu wa kushoto."

Nikauruka mstari. Nikasoma, "Mimi ni mzima, nawasalimu wote."

Mama akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa hujasoma."



Akausoma mwenyewe! Silabi kwa silabi, hadi neno la mwisho.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Nilikuwa nafuata kidole chako," akasema. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Usinisomee nusu tena. Kesho tunakwenda kumchukua mwanangu."

Sijui kama nilie au nijivune. Ninyi mngeusoma?

Tunaondoka alfajiri, kwa miguu. Anayeijua njia ya Moshi aniandikie hapa chini, kwa herufi kubwa. Mama naye atasoma.