Bombo za Karanga za Noeli

Karanga zinataka mtu aliyelala akashiba usingizi. Ukizikaanga huku unasinzia zitakuaibisha, maana kati ya karanga iliyoiva na karanga iliyoungua kuna muda wa kupiga chafya tu. Mama alinifundisha hivyo nikiwa msichana, kwetu mtaa wa Cibitoke, na somo hilo nilikuwa nalijua vizuri. Lakini kulijua jambo na kuwa na nguvu ya kulifanya ni vitu viwili, na mwaka ninaousimulia sikuwa na nguvu ya chochote.

Vita vilikuwa vimeshazeeka. Mwanzoni tuliogopa, baadaye tukachoka, na mimi nasema kuchoka ni kubaya zaidi, kwa sababu hofu angalau hupumzika. Usiku milio ilitoka milimani, asubuhi tukaamka tukafagia ua. Nchi jirani zilitufungia mipaka, vikwazo vikamaliza sukari madukani, na mtu aliyebahatika kupata kilo moja aliificha chini ya kitanda asionekane nayo. Mimi yangu niliiweka ndani ya sufuria iliyotoboka, kwa sababu hakuna mwizi anayefunua sufuria iliyotoboka. Sukari hiyo ilikuwa ya bombo.

Bombo ni pipi, ndivyo tunavyoziita Bujumbura. Lakini nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu: vidonge vya karanga iliyosagwa mpaka ikatoa mafuta, ikachanganywa na kakao na sukari, ikaviringishwa kwenye viganja. Mama alizitengeneza mara moja kwa mwaka, siku ya Noeli, na sisi watoto tulianza kuzingoja tangu mvua za kwanza. Kabla hajatugawia, yeye alikula kimoja. Hiyo ni desturi ya nchi nzima: anayemimina pombe hunywa funda la kwanza, anayetoa chakula huonja mwenyewe, ili mgeni ajue hakuna kibaya ndani. Kwa watoto wake mwenyewe mama hakuwa na haja ya kufanya hivyo, ila alifanya. Sisi tulimwona mlafi.

Nilipoolewa mtaa wa Buyenzi nilisilimu. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, Mwislamu kwa baba na kwa mama, na hatukuwa kabila moja. Wakati tunaoana jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Vita vilipoingia, Cibitoke ilichekechwa kama unga, wakabaki watu wa aina moja, na ghafla ndugu zangu wakakumbuka mume wangu ni nani. Kule Buyenzi watu walikuwa wamechanganyika, wakijiita Waswahili tu, wakaachana na maswali mengine. Mimi nikawa mtu wa huku aliyezaliwa kule.

Mama alikuwa amezeeka, mikono ikamvimba viungo, na jiwe lake la kusagia liliibwa siku nyumba yao ilipovunjwa. Basi kazi ya bombo ikahamia kwangu. Kila Noeli nilitengeneza, nikampelekea. Mume wangu hakuona ubaya. Alisema mama ni mama, hata kalenda yake ikiwa tofauti.

Mwaka ule Noeli iliangukia ndani ya Ramadhani.

Siku ile niliamka kula daku baada ya usiku ambao hatukulala, kwa kuwa milio ilikuwa imesogea. Baada ya alfajiri niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nikaweka sufuria, nikamwaga karanga. Nilikaa kwenye kigoda na mwiko mkononi. Nilifumba macho kidogo tu, naapa, na nilipoyafumbua moshi ulikuwa unanipiga usoni.

Nilikasirika mpaka machozi. Nilizikasirikia karanga, nikamkasirikia mume wangu aliyekuwa anakoroma ndani, nikawakasirikia wote wenye bunduki, wa msituni na wa serikali, ambao hawakuniacha nilale. Kisha nikafanya ambacho angefanya kila mwanamke asiye na karanga nyingine: nikachagua zile nyeusi kabisa nikazitupa, nikapepeta maganda kwenye ungo, na zilizobaki nikazisaga. Kakao nilikuwa nimeinunua kwa mama mmoja aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, anaipima kwa kijiko na kuifunga kwenye karatasi ya daftari. Kakao ina fadhila hiyo, inaficha rangi. Ukishaichanganya, karanga iliyoungua na iliyoiva zinafanana.

Kuonja nisingeweza. Wanawake wa Buyenzi waliniambia mara nyingi kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Lakini aliyezaliwa ndani ya dini anaijua mpaka milango yake ya nyuma. Mimi nilikuwa mgeni, niliingia kwa mlango wa mbele na sikuthubutu kutafuta mwingine. Nilimwita binti yangu wa miaka mitano nikampa kidole kimoja alambe.

"Tamu, mama," akasema. "Tamu sana."

Mtoto aliyekaa miezi bila sukari, hata ungempa dawa ya minyoo yenye sukari angekuambia tamu. Hilo nilipaswa kulijua. Nikaviringisha vidonge, nikaacha vichache nyumbani kwa ajili ya kufuturu, vingine nikavipanga kwenye bakuli la plastiki la kijani, nikafunika kwa kitambaa, nikaondoka.

Nilikwenda kwa miguu. Nilivuka daraja la Ntahangwa, nikapita kwenye kizuizi ambapo askari aliniamuru nifunue kitambaa. "Chokoleti?" akauliza. "Mu vita hii kuna watu wanakula chokoleti?" Nikamwambia ni za mama yangu. Akanitazama, akatazama bakuli, akaniruhusu. Saa nane mchana niliingia nyumbani kwetu, kiu imenikausha koo, miguu ina matope.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kaka yangu mkubwa alikuwepo, na mke wake, na mtoto wao mdogo. Walinipokea vizuri, siwezi kusema vibaya. Tukasalimiana, tukaulizana waliokufa na waliopona. Halafu nikaweka bakuli mezani, nikafunua.

Mtoto akakimbilia. Mama yake akamshika mkono akamrudisha magotini, taratibu, kana kwamba anamweka sawa nguo. Nililiona hilo. Kaka akanitazama.

"Anza we," akasema.

Sikuwa nimelifikiria. Kutoka Buyenzi mpaka pale nilifikiria vizuizi, mvua, saa ya kurudi, na halikunijia kabisa akilini kwamba napeleka chakula mahali ambapo desturi inanidai nikile, siku ambayo siwezi kukila.

"Kaka, mi nimefunga. Iko Ramadhani."

"Leo iko Noeli."

"Najua. Lakini kwetu iko Ramadhani."

"Kwenu," akarudia. Kisha akasema bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Mutu anapika kitu, anakitembeza mbali vile, alafu yeye peke yake ndo hawezi kukikula. Ungekuwa we, ungefikiria nini?"

Miaka ile kila mtu alikuwa na hadithi ya sumu. Mtu alikunywa bia kwa jirani, kesho yake akazikwa. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine zilikuwa malaria tu, lakini nani alikuwa na daktari wa kuzitenganisha? Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Aliniogopa kwa ajili ya nyumba niliyoolewa, na mimi nilikuwa dada yake niliyembeba mgongoni mtoto wake wa kwanza.

Nilitaka kumtupia lile bakuli kichwani. Nilitaka kumwambia nimetembea kwa njaa na kiu na usingizi ili nije nihesabiwe mchawi nyumbani kwa mama yangu. Lakini nilikuwa nimechoka hata kugombana. Nikawaza: kula kimoja, uilipe siku hii baada ya Idi, Mungu atakuelewa. Kisha nikawaza: na kama hataelewa? Nikasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kosa, maana kila aliyekuwa pale aliona ninavyosita. Mwishowe nikanyoosha mkono kwenye bakuli.

Mama akanishika kifundo.

"Wacha," akasema. "Usiharibu funga yako juu ya huyu. Mungu ameshachoka na sisi, tusimuongezee kazi." Akavuta bakuli kwake. "Mi ndo nitaanza."

"Mama," kaka akasema.

Mama alichukua kidonge, akakitia chote mdomoni. Meno yake yalikuwa machache, akatafuna polepole, akitazama ukutani. Nilimwona anameza. Akakaa. Kisha akachukua cha pili, nacho akakimaliza.

"Tamu," akasema. "Iko tamu sana."

Kaka akaachia pumzi, akacheka kidogo kwa aibu, akanyoosha mkono naye. Mama akampiga vidole.

"Apana! We si umesema hautaki? Hizi ni zangu. Asiguse mutu."

"Na mutoto je?" kaka akauliza.

"Hata mutoto."

Akalibeba bakuli akaliweka mapajani, akalifunika kwa kitenge chake. Hapo sote tukacheka, hata mke wa kaka. "Mama amekuwa mutoto," kaka akasema. Nami nilicheka, nikiwa na furaha iliyokaribia kuwa kilio. Niliona mlafi yule yule wa zamani, wa kidonge cha kwanza. Nilimwonea huruma tu mtoto wa kaka, aliyekuwa anakitazama kile kitenge kama mbwa anavyotazama mlango wa jikoni. Saa kumi nikaaga. Kaka alinisindikiza mpaka barabara kubwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Nilifika Buyenzi nikiwa mwepesi. Adhana ya magharibi ilipolia tulikuwa tumekaa mkekani, mume wangu, watoto na mimi. Nikanywa maji. Hatukuwa na tende, basi nikachukua bombo moja nikaitia mdomoni.

Ilikuwa chungu. Sisemi ilikosa sukari kidogo. Ilikuwa chungu kama kwinini, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Mume wangu alikuwa ameshaitema kwenye kiganja, anaangalia kama ni adabu kusema. Mimi sikuitema. Niliitafuna mpaka mwisho, nikaimeza, na nikiwa naimeza ndipo nilipoelewa nilichokiona mchana.

Mama alitia mdomoni kitu kichungu, katika chumba ambacho neno sumu lilikuwa limetamkwa bila kutamkwa. Hakujua kama niliunguza karanga. Hakuwa na njia ya kujua. Uso wake haukutikisika, akameza, akasema ni tamu, akala cha pili ili waamini. Kisha akalificha bakuli.

Nimelifikiria hilo bakuli kwa miaka. Siku nyingine najiambia alilificha ili wengine wasionje, nisije nikaaibika, ili kaka asipate sababu. Siku nyingine, nikiwa nimechoka, najiambia kwamba hakuwa na hakika, na kwamba kama kulikuwa na kitu ndani aliamua kiishie kwake, kisimfikie mjukuu. Hayo mawazo mawili nimeyabeba yote, hakuna linalolifukuza jingine.

Sikurudi Cibitoke mwezi ule. Barabara zilikuwa mbaya, na niseme ukweli, niliona haya. Siku ya Idi, wakati napakua, mlango ukabishwa, nikamkuta mama, peke yake, miguu ina vumbi, na bakuli la kijani mkononi. Lilikuwa limeoshwa na ndani yake mna karanga mbichi.

"Mwaka kesho," akasema kabla hata hajakaa, "usikaange wakati una usingizi."

Mume wangu akamletea kiti, watoto wakamzunguka, nami nikamwekea sahani ya pilau. Nikachukua kijiko, nikachota, nikainua mkono nionje kwanza mbele yake, kama inavyotakiwa. Siku hiyo nilikuwa na ruhusa ya kula, na nilitaka aone nikila.

Akaninyang'anya kijiko kikiwa njiani, akakitia mdomoni mwake.

"Chumvi haijatosha," akasema, akaendelea kula.