Jumamosi ya Mochama

Nilifunga safari ya Nairobi kwa sababu moja: nilitaka kufika fainali kabla magoti yangu hayajanikataa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mchezaji tenisi wa kulipwa, na riziki yangu ilitoka kwenye mchezo wa wawili wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mochama, Msabato wa Nyaramba, ambaye hakugusa raketi siku ya Jumamosi. Na nusu fainali, popote tulipokwenda, ilipangwa Jumamosi!

Kebirigo, asubuhi. Mke wangu Kemunto alinifungia ndizi za kuchoma. "Baba Nyaboke, safari hii mtafika mwisho?"

"Muulize Mochama."

Kisii mjini tulipanda basi. Sotik, Kericho, mashamba ya chai yote yale, nilikuwa namsihi. "Mara hii moja tu, Mochama. Mungu ataelewa."

"Yeye ataelewa," akasema. "Mimi ndiye sitaelewa."

Nikageukia dirishani mpaka Nakuru.

Nairobi tulipokelewa na shangazi yake, Mama Kerubo, akatupikia ugali wa wimbi kama wa nyumbani. Tulishinda mechi zetu za kwanza vizuri. Ijumaa mchana ratiba ikabandikwa: nusu fainali, kesho saa nne. Msimamizi alikataa katakata kuisogeza. Alichokubali ni kunipa mchezaji wa akiba, jamaa mmoja mrefu aliyepiga mpira kama anapasua kuni.

"Cheza naye, ndugu yangu," Mochama akaniambia kwa upole. "Nitakuombea."

Nusura nimrushie kiatu.

Jumamosi, uwanjani. Yule jamaa alipiga kila mpira uliokuwa wangu. Ulipokuja wa katikati alinitazama, nami nikamtazama, ukapita. Ukaja mwingine, tukaukimbilia wote, tukagongana mabega. Mimi na Mochama hatukuwahi hata kuitana. Alijua wake, akaniachia wangu. Tulishindwa kabla sijatoa jasho la maana.

Mochama alirudi kutoka kanisani, Biblia kwapani. "Vipi?"

"Tumepigwa."

Hakucheka. Alichukua mfuko wangu wa raketi, akaubeba hadi kwa shangazi yake. Hilo nalo likaniudhi.

Jumapili tukarudi. Tangu Naivasha nilikuwa napanga maneno, na tuliposhuka Kisii nikayatoa. "Mochama, hii Jumamosi yako imenichosha. Natafuta mtu mwingine."

"Mtafute," akasema. "Lakini kwanza umtazame kwenye mpira wa katikati."

Nikamkumbuka yule jamaa mrefu na mabega yetu yaliyogongana; sikumtafuta mtu.

Nilichojifunza ni kwamba mwenzako humchukui nusu. Ukimtaka Mochama wa katikati, na Sabato yake unaichukua. Tulicheza pamoja mpaka mvi zikatuota, na tukatwaa kombe mara mbili tu. Mara zote mbili, Jumamosi ilinyesha mvua kutwa nzima, nusu fainali ikasogezwa.