Gogo Lililozibwa Mchana

Mgeni alifika kijijini Ukata kwa miguu, kwa kuwa lori la wachuuzi wa dagaa lililompakia Mbinga lilikuwa limenasa kwenye tope mteremkoni. Methodi, mwenye nyumba, alimtazama akipanda kati ya mibuni, viatu mkononi. Ndiye yule ambaye paroko alisema atapanga nyumba hii, apate kuwachunguza vipepeo wa mlimau na nyuki wadogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyumba yako hiyo. Mimi naondoka na lori lako hilo hilo, likinasuka."

Hakuwa na nguvu ya maneno mengi. Maisha yake yote alikuwa amechimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mahindi milimani, na kupalilia kahawa. Kisha ushirika ukalegea, mbolea ya mkopo ikakoma, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na bei yake. Katikati ya hayo mkewe Katarina akafariki. Sasa binti yao Violet alimwita Liuli, akapumzike ziwani. Kitu kimoja tu alitaka kwenda nacho: gogo la nyuki wadogo wasiouma, mzinga alioutundika Katarina mwenyewe. Alikuwa ameshalifungua kutoka kwenye kamba yake upenuni na kuliziba mlango kwa udongo.

Kipepeo mweusi wa madoa ya manjano alikuwa akitaga kwenye mlimau. Mgeni akamwonyesha. "Huyu na nyuki wako, mzee, unawaonaje?"

"Huyo anataga, anakwenda zake. Mwanawe hamjui. Anakunywa popote penye ua. Hawa wana mlango wa nta, wana walinzi, watoto wanalelewa ndani. Mmoja akipotea, hana kwingine."

"Na umewaziba mchana," alisema dada yake Beata, aliyekuwa akimfungia mkeka. "Kaka, hata mtoto anajua gogo huzibwa jioni, wakisharudi wote."

"Jana jioni nililala na viatu. Nimechoka, Beata."

"Uchovu wako ndio umewafungia nje."

Upenuni, nyuki waliotoka shambani walikuwa wanaizunguka kamba tupu. Methodi aliwatazama mpaka honi ya lori ikalia chini barabarani. Akaliinua gogo, akalifunga tena kwenye kamba ile, akaubandua udongo kwa kidole. Nyuki wakaingia wakisukumana.

"Utamwambia nini Violet?" Beata aliuliza.

"Kwamba vya mama yake vimebaki nyumbani." Akamgeukia mgeni. "Usiwahamishe. Na moshi wa jiko usiuelekeze huku."

Akateremka na mkeka kwapani, taratibu, kama mtu aliyetoka kupalilia. Mgeni alibaki upenuni, viatu bado mkononi.