Fildi ya Kunyonyesha Mtoto wa Bosi

Kabla ya kwenda fildi, chuo kilitugawia kijitabu cha kanuni. Wenzangu wengi walikitia kwenye begi na hawakukitoa tena. Mimi nilikisoma chote, maana shule nimekwenda na kusoma hakunichoshi. Kinasema mwanafunzi asichelewe, avae ovaroli, asitoke bila ruhusa, asije na mtoto mahali pa kazi. Kinasema pia mwenye karakana asimtumie mwanafunzi kwa kazi za nyumbani kwake. Hicho kifungu kipo, kimewekwa huko nyuma karibu na jalada. Chini yake kuna kingine: malalamiko yote ya mwanafunzi yapitie kwa msimamizi wake wa kazi. Maana yake bosi akikuonea, nenda kamshitaki kwa bosi.

Fani yangu ni umeme. Chuo kiko Handeni, na mimi nilipangiwa karakana moja Korogwe, nyuma ya soko la Manundu. Wanafunga waya kwenye nyumba na wanasuka mota. Nilifurahi mno. Kufunga soketi na swichi tulishafundishwa, lakini kusuka mota ni kazi ambayo chuoni tuliiona ubaoni tu. Ukijua kusuka mota hulali njaa, mashine za kusaga ziko kila kijiji na kila mwaka zinaungua.

Binti yangu nilimwacha Kwedizinga kwa mama. Nilimzaa baada ya kumaliza kidato cha nne, na baba yake alikwenda Dar kutafuta maisha, mpaka leo anayatafuta. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Nilimwachisha ziwa kwa siku moja, bila kumzoesha, kwa sababu kanuni hazina nusu siku wala ruhusa ya kunyonyesha. Mama akaniambia, "Nenda, mwanangu. Uji ataula." Nilisikia kilio cha mtoto mpaka nilipofika barabarani. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Korogwe nilifikia kwa mama mdogo. Siku za mwanzo kifua kiliniuma kama jipu. Nilikuwa nakamua maziwa bafuni na kuyamwaga, halafu navaa ovaroli na kwenda kazini kujifanya mzima.

Karakana ilikuwa na bosi na fundi mmoja mcheshi aliyeniita Injinia. Huyo fundi ndiye aliyekaa na mimi. Alinionyesha namna ya kutoa waya ulioungua, kusafisha matundu, kukata karatasi za kuzuia umeme usiruke, kisha kuingiza waya mpya wa shaba koili kwa koili. "Injinia, usiuvute kama kamba ya ng'ombe," alikuwa ananiambia. "Huu ukichubuka, mwenye mashine atarudi hapa na panga." Nilisuka mota moja ndogo ya pampu kwa mikono yangu. Tulipoiwasha ikazunguka bila kelele. Fundi akazima, akawasha tena, akasema, "Haya, nyumbani kwako hamtalala giza." Siku hiyo nilitembea kurudi kwa mama mdogo huku nacheka peke yangu.

Bosi alikuwa na mtoto mchanga. Mke wake alizaa kwa kisu, kidonda kikaoza, akarudishwa hospitali na maziwa yakakauka. Mama yake bosi aliteremka kutoka Mpale kuja kulea. Mtoto alikataa maziwa ya kopo. Akiyanywa anatapika, asipoyanywa analia, na nyumba ya bosi iko uani, nyuma ya karakana, kwa hiyo sote tulikisikia kilio chake kikipungua siku hadi siku. Kilio cha mtoto kikipungua kwa njaa si jambo la kusikiliza huku umeshika bisibisi.

Siku moja bibi alitoka naye uani akanikuta nimeinama kwenye mota. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia upesi. Alikuwa anaitazama ovaroli yangu kifuani, imelowa sehemu mbili.

"Wewe binti una mtoto?"

"Ninaye, bibi. Yuko kwa mama yangu."

"Na maziwa bado yapo."

"Hayajakatika."

"Umepima?"

"Nimepima kliniki, bibi. Niko salama, kadi ninayo."

Akakaa kwenye kreti, mtoto mapajani. Aliniuliza wangu ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Akasema, "Basi elewa kabla hujampokea. Ukimnyonyesha huyu, wewe ni mama yake na binti yako ni dada yake. Hawataoana, na hilo nitalisema kwetu na wewe uliseme kwenu." Bosi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. Akasema, "Binti, nisaidie." Bosi mzima, macho mekundu. Nilimchukua mtoto. Alishika ziwa kama mtu aliyeokolewa mtoni. Bibi akasoma dua kwa sauti ndogo na mimi nikaitikia amina.

Nilidhani ni siku ile tu. Kesho yake bosi akasema, "Mpitie mtoto kwanza, halafu mota." Kesho kutwa mtoto kwanza, halafu nguo zake, kwa sababu bibi amepeleka uji hospitali. Baadaye hakuna mota tena. Ovaroli nilivaa kila asubuhi na nikakaa nayo uani kama yaya wa serikali. Fundi alikuwa anapita na kusema, "Injinia, leo umesuka nepi ngapi?" halafu anaona uso wangu na kurudi kwenye meza yake. Ilikuja mota kubwa ya mashine ya mkonge, kazi ya kusubiri miaka. Ilifunguliwa, ikasukwa, ikapakwa vanishi, ikaondoka. Mimi niliisikia kwa harufu tu.

Nilimwendea bosi. Nikamwambia, "Bosi, mimi nimekuja kujifunza."

"Si unajifunza? Kwani nani amekufukuza?"

"Kanuni zinasema nisifanye kazi za nyumbani."

Akatabasamu. "Sasa si unaniambia mimi? Nimekusikia. Mama watoto akitoka hospitali utarudi kwenye meza."

Malalamiko yangu yakawa yamepita kwa msimamizi, kama kanuni inavyotaka.

Mwalimu wa chuo anayekagua fildi hatoi taarifa akija. Alifika na bodaboda asubuhi moja, bibi akiwa hospitali na fundi akiwa saiti. Bosi alikuwa mbele na wateja. Mwalimu akapita moja kwa moja mpaka nyuma, akanikuta kwenye kreti, nimefungua ovaroli nusu, mtoto ananyonya.

Alisimama. Akageuza uso pembeni, akasema, "Nilijua tu. Wewe si ndiye uliyeandika kwenye fomu kwamba una mtoto? Tukakuambia nini?"

"Mwalimu, huyu si wangu."

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri. "Ananyonya kwako na si wako. Yuko kwako kwa mkopo?"

"Ni wa bosi. Muulize."

Bosi akaja anafuta mikono. Mwalimu akamwambia, "Huyu binti wetu amekuletea mtoto kazini."

Mimi nilimtazama bosi. Nilimtazama machoni, mtoto wake akiwa mikononi mwangu, maziwa yangu yakiwa kinywani mwake. Nilimwona anafikiri. Karakana inayotumia wanafunzi kwa kazi za nyumbani chuo hakiiletei wanafunzi tena, na wanafunzi ni mikono ya bure. Na kuna aibu ya kusikika kwamba maziwa ya mke wake yamekauka na mwanawe ananyonyeshwa na mtoto wa watu. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, tumsamehe tu. Ndiyo hali ya hawa mabinti wetu wenye watoto."

Angesema uongo mtupu ningempigia kelele. Lakini yeye aliniombea msamaha. Mwalimu akaguswa. Akamshukuru kwa moyo wake mzuri, akasema wenye karakana wangekuwa wote hivi chuo kingefika mbali. Nilisema tena kwamba mtoto si wangu, nikasema kwa nguvu, na mwalimu akaniambia nipunguze sauti, nisimwamshe mtoto.

Nikaitwa Handeni, kamati ya nidhamu. Kosa: kuja na mtoto mahali pa mafunzo na kumdharau mkaguzi. Nikasema nitawaletea mwanangu wamwone. Nilimfuata Kwedizinga, nikaja naye na mama. Getini mlinzi akatuzuia. Watoto hawaruhusiwi ndani ya eneo la chuo. Nikamweleza, "Kaka, huyu mtoto ndiyo ushahidi." Akasema, "Dada, ushahidi hautambai. Mwache na bibi yake hapo nje." Akasogeza benchi kivulini wakae, kwa hiyo simlaumu.

Ndani nikaeleza yote. Mwalimu mkaguzi akasema mtoto mchanga ni mtoto mchanga, yeye hakumvua nguo kuona kama ni wa kike au wa kiume. Wakampigia bosi, simu ikawekwa spika katikati ya meza. Bosi akasema, "Mimi sina neno na huyo binti. Ni mtoto mzuri. Mpeni nafasi nyingine." Mwalimu mmoja wa kike akaniambia, "Unaona? Mtu anakutetea na wewe unamchafua." Uamuzi ukaahirishwa. Nikaambiwa nisirudi Korogwe mpaka nipewe taarifa.

Nilirudi na mama Kwedizinga. Binti yangu akalitaka ziwa tena, nikampa. Siku kadhaa nilikaa hivyo, nalima na mama, nanyonyesha.

Bibi wa Mpale akaja. Aliuliza njia kuanzia kituoni mpaka akafika uani kwetu, mtoto mgongoni. Miguu ya mtoto ilikuwa imekuwa kama vijiti vya kiberiti. Mama alimkaribisha, akampa maji, na bibi hakuyanywa. Alisema, "Mwanangu, nimesikia alichokifanya baba yake huyu. Sijalala vizuri. Na mtoto bado anakataa kopo."

Nikamwambia, "Bibi, kampe baba yake amnyonyeshe."

Mama yangu akasema, "Wewe. Mtoto amekosa nini?"

"Na mimi nimekosa nini, mama?"

Mtoto akaanza kile kilio chake chembamba. Nikamwambia bibi nitampokea, lakini kesho twende wote chuoni na aseme yeye, kwa mdomo wake, huyu ni mtoto wa nani. Nilijua namuomba amwanike mwanawe mbele ya watu. Alifunga fundo kwenye ncha ya kanga, akalifungua. Mwisho akasema, "Maziwa hayafichwi. Twende."

Walilala kwetu, na asubuhi tulikwenda. Watoto wote wawili tulimwachia mama nje ya geti. Kamati ikaitishwa, ikampa bibi kiti. Akawaamkua wale walimu vijana kwa adabu kuliko walivyomwamkia wao. Akasema yote: mkwewe, kidonda, kopo, dua, kwamba mtoto ni mjukuu wake na anayenyonyesha ni huyu. Alipomaliza akasema, "Mwanangu alisema uongo kwa aibu. Mimi sina aibu hiyo." Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkaguzi alikuwa anaangalia dirishani.

Mimi nilipumua. Nilifikiri imekwisha.

Mwenyekiti alimshukuru bibi sana. Akafungua kijitabu kilekile. Akasema kosa la kuleta mtoto limefutwa, na hilo liandikwe. Halafu akasema kwamba, kwa maelezo ya bibi mwenyewe, imethibitika mwanafunzi alitumia muda wa mafunzo kwa kazi isiyo ya fani yake na hakutoa taarifa chuoni.

"Nilimwambia msimamizi," nikasema. "Kitabu kinasema nimwambie yeye."

"Ulimwambia kwa maandishi?"

Fildi yangu ikafutwa yote, pamoja na ile mota ya pampu iliyozunguka. Nirudie na mkupuo ujao, mahali nitakapopatafuta mwenyewe. Karakana ya Korogwe itaandikiwa barua ya kukumbushwa. Kukumbushwa. Mwalimu wa kike akaniambia kwamba nishukuru, wengine hufukuzwa kabisa.

Nje, bibi alimchukua mjukuu wake kwa mama. Basi la kwenda Korogwe lilikuwa linakaribia kuondoka na mtoto alikuwa amefumbata ngumi, anatafuta kwa mdomo. Bibi hakuniomba. Niliketi kwenye ukingo wa mtaro nikamnyonyesha kwa hasira, watu wa bodaboda wanatazama. Nilimnyonyesha pande zote mbili mpaka akalewa. Kisha nikamfunga mgongoni kwa bibi, nikakaza kanga. Bibi akaniambia, "Nisamehe, mwanangu."

Nikamwambia, "Basi linaondoka, bibi."

Tangu hapo nazunguka kutafuta fundi wa kunipokea. Wengine wanasema wamejaa. Wengine wanasikia jina la chuo na kuniuliza kama mimi ndiye yule wa Korogwe. Juzi nilimpata mmoja Chanika, hapahapa Handeni, anasuka mota mbili tatu kwa wiki. Alinipa waya ulioungua nifumue, akaniangalia mikono, akaridhika. Kisha akaniuliza kama nina mtoto mdogo.

Nikamwambia sina.

Akasema nianze Jumatatu.